Sahani Yenye Tundu

Yaya wangu mpendwa,

Barua hii siifungi. Nitampa Feza, binti yako, aende nayo Kabambare atakapokwenda kumsalimu baba yake, aisome kwa sauti juu ya kaburi lako. Majirani wakiwapo, na wao wasikie. Maisha yangu yote mambo haya yamesemwa kwa minong'ono, watu wakinitazama kwa pembe ya jicho, nami nimechoka na minong'ono. Ukisikia Feza anakwamakwama katika kusoma, kosa si lake, ni la mwandiko wangu. Unajua nilitolewa shuleni kabla sijamaliza daftari la kwanza.

Nakuita Yaya kama nilivyokuita tangu nijue kusema, kwa kuwa wewe ndiye dada yangu mkubwa. Mwaka huu nimeufikia umri uliokufa nao, na mvi zimeanza kunitoka. Hata hivyo nikikuandikia najikuta nimekaa vizuri, nimenyoosha mgongo, mtoto aliyeitwa na mkubwa wake.

Unakumbuka nilivyoanguka mara ya kwanza? Hukuwapo, ila uliwahoji wenzangu mmoja mmoja, ukanisimulia mpaka nikaona nimeyaona kwa macho yangu. Ilikuwa darasani, katika shule ya misioni, tunaimba majina ya siku za juma. Tulikuwa tumefika Alhamisi. Nilipofumbua macho, darasa lilikuwa tupu, mdomo wangu umejaa mchanga, kaptula imelowa, na kibao changu cha kuandikia kimebaki peke yake kwenye benchi refu. Wenzangu walikuwa wameondoka na vya kwao. Mwalimu alisimama nje ya dirisha, akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Nimepumzika tangu siku ile.

Kwetu waliamini kwamba kifafa kinakaa kwenye mate. Povu la aliyeanguka likikugusa, kesho unaanguka wewe. Kwa hiyo mtu akianguka haguswi. Akianguka njiani wanamzunguka. Akianguka motoni au majini wanapiga kelele na kulia, lakini wanalilia mbali. Hata mimi niliamini. Nataka ulisikie hilo mapema, kwa maana ndilo lililotuharibia, wewe na mimi. Niliamini kuliko wote.

Baba alikwenda Kasongo, akarudi na sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Nilifurahi sana. Nyumbani hakuna aliyekuwa na sahani yake peke yake, sote tulikula kwenye chano kimoja cha mti. Kisha nikamwona anaiweka juu ya jiwe, anapigilia msumari kwenye ukingo mpaka ukatoboka, anapitisha kamba, anaitundika kwenye nguzo nyuma ya jiko, nje, ambako mvua inafika. Tundu lile lilikuwa alama, ili hata mgeni asikosee akala humo. Mama aliiosha mwisho, kwa majivu, baada ya vyombo vyote. Alinipakulia mimi kwanza, akinichagulia kipande kizuri cha samaki, akaweka sahani chini, akarudi nyuma hatua mbili. Sisemi kwamba hakunipenda. Nilimwona akilia akiwa kwenye hatua zile mbili.

Na wewe, mkaidi, ulikuja na bugali yako mkononi, ukaketi mbele yangu, ukachovya kwenye sombe yangu ya majani ya muhogo.

"Yaya, wacha! Utaanguka!"

"Nitaanguka wapi? Si nimeikala chini?"

Ulitafuna polepole kwa makusudi, umenitumbulia macho, kisha ukachukua na kichwa cha samaki. Kichwa cha samaki, Yaya! Siku ile nilikasirika kwa ajili ya kichwa cha samaki kuliko nilivyouogopa ugonjwa.

Kijijini jina langu lilikufa kabla yangu. Niliitwa "ule wa kuanguka", na watoto waliozaliwa nyuma yangu hawakujua kwamba niliwahi kuitwa vingine. Wewe peke yako ulisimama katikati ya uwanja ukaita "Alimasi! Alimasi!" kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, nami nimesimama kando yako. Tulipokwenda kuteka maji ulichana upindo wa kikwembe chako cha kujifunga, ukafunga kipande kile kwenye mkono wangu na ncha nyingine kwenye mkono wako, ili nikianguka mtoni uhisi. Wasichana wenzako walikuuliza kama unapeleka mbuzi malishoni. Uliwajibu kwamba mbuzi wako anajua kusoma, na wa kwao je? Kati yao hakuna hata mmoja aliyejua.

Sasa nifike kwenye pamba. Miaka ile, kama hii, kila nyumba ilikuwa na shamba la pamba la Leta, yaani la Serikali ya Wabelgiji. Baada ya mavuno amri ilikuwa kung'oa mashina yote na kuyachoma, lisibaki hata moja, na kapita, msimamizi wa Leta, alipita shamba kwa shamba kuhakikisha. Siku ya zamu yetu nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilibeba mzigo wa mashina nikafika kwenye lundo linalowaka, nikasikia harufu ile inayonitangulia siku zote, harufu ya chuma kilicholowa. Nikajua. Sikuwahi hata kuutupa mzigo.

Yaliyofuata nimeyapata kwa vinywa vya watu. Nilianguka ubavu, mkono wa kushoto ndani ya moto. Kapita akarudi nyuma. Mama akakimbia, na baba akamkamata kiunoni, kwa kuwa alikuwa na mimba kubwa, akamfokea, "Weye uko na mimba! Unataka kuua watoto wawili?" Sijamlaumu baba. Alikuwa na watoto wawili wa kuchagua kati yao, na mmoja tayari anaungua. Wengine walisimama na majembe yao. Na wewe, uliyekuwa mwisho wa shamba, mbali kuliko wote, ukapita katikati yao, ukanishika makwapani ukanivuta, ukazima shati langu kwa viganja, ukanilaza ubavu, ukafuta povu langu kwa kikwembe chako. Kisha ukajifunga tena kikwembe kilekile. Wazee wa kijiji wamesahau mengi, lakini hilo wanalisimulia mpaka leo, kwamba alijifunga tena.

Viganja vyako vilipona vikiwa vimebaki laini, havina mistari. Kulikuwa na watu wa karibu na Kasongo waliokuwa wamekwisha kuzungumza na baba habari ya kukuoa. Kabla mwezi haujaisha walituma neno kwamba kijana wao bado ni mdogo. Kijana mwenye ndevu! Tulicheka mimi na wewe nyuma ya jiko, ukamwigiza anavyolilia maziwa. Ulicheka, kisha ghafla ukageuza uso. Nilijua kwamba nimekuharibia, na sikujua mtu anaombaje radhi kwa jambo kama lile.

Mwaka uliofuata karani wa Leta alifika, akaambiwa habari zangu, akafuta jina langu kwenye buku ya pamba. Nikikua sitalima. Wanaume waliokuwa wamechapwa viboko kwa ajili ya pamba ile walinionea wivu siku moja nzima. Baadaye wakawaza vizuri. Leta ilimtaka kila mtu, hata mzee wa mguu mmoja ilimpa shamba, na mimi hainitaki. Tangu hapo hata salamu zilipungua.

Nikajifunza kusuka. Vikapu vyangu vya kubebea pamba watu walivichukua, kwa kuwa pamba hailiwi. Nikasuka na nyungo, unazikumbuka, zile zenye mistari miwili kwenye ukingo. Hakuna aliyezigusa. Mchele uliopepetwa kwenye ungo wangu ungefika mdomoni. Wewe ulikuwa nazo tatu, ukazianika mbele ya nyumba hata siku ambazo huna cha kupepeta.

Kisha akaja fundi wa matofali kutoka Kabambare, kujenga ukuta misioni. Walimweleza habari yako kabla hajatua mzigo wake. Akasema, "Mukono yangu imekulwa na chokaa miaka kumi. Mate ya mutoto itanifanya nini?" Nilimpenda kuanzia siku ile. Nilimchukia pia, kwa kuwa nilijua atakuchukua.

Desturi yetu unaijua, lakini niiandike kwa ajili ya vijana watakaosikia. Kwetu msichana akiolewa haondoki mpaka mjomba wake, ndugu wa mama yake, achukue maji mdomoni na kumpulizia usoni na kifuani. Maji yale, pamoja na mate ya mjomba, ndiyo baraka. Bila hayo, wanasema, tumbo halishiki na nyumba haitulii. Yako niliitazama kutoka nyuma ya jiko. Mjomba wetu alikupulizia kwa nguvu zake zote mpaka ukapiga chafya, watu wakacheka. Kisha ukawaacha wote ukanifuata kule nyuma, uso bado umelowa, ukaninyoshea kidole.

"Alimasi, nikizala mutoto mwanamuke, mujomba yake ni nani?"

"Ni miye."

"Basi ni mudomo yako. Usimupe mutu mwingine."

Nilicheka. Mate yangu, ambayo watu wanayakimbia, siku moja yaje kuombwa! Nilidhani unanibembeleza tu ili usiniache nikilia. Ulifungasha nyungo zako tatu, ukaenda. Nilibaki na ile sahani, na hatua mbili za mama.

Ulikaa miaka bila mtoto, na kijijini walijua sababu, walinitazama tu. Kisha Feza akazaliwa, ukatuma neno kwa wapita njia. Njoo. Ukatuma tena, na tena. Ilinichukua miaka mitatu kukujibu kwa miguu. Niliweka sahani kwenye mfuko, nikatembea siku tano. Kwenye kila kijito nilikaa ukingoni nikingoja apite mtu, kwa kuwa mtu wa hali yangu havuki maji peke yake, na ile ncha ya pili ya kikwembe haikuwa na wa kuishika. Mahali pamoja nilingoja tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kushuka.

Ulikuwa unatwanga. Uliuachia mchi, ukanikumbatia mbele ya majirani wasionijua. Wasionijua, Yaya! Hapo Kabambare sikuwa ule wa kuanguka, ningeweza kuwa Alimasi tu. Ulitandika mkeka, ukaleta wali na kuku kwenye sinia moja. Na Feza akatoka ndani mbio, tumbo mbele, akaja moja kwa moja kunipanda magotini, akaingiza vidole mdomoni mwangu ili ahesabu meno.

Nilimsukuma. Alianguka kwa makalio, nami nikapiga kelele, "Asinishike! Muoshe mukono! Muoshe mukono!" Mtoto akalia. Ulimwokota. Nikaondoka mkekani, nikatoa sahani yangu kwenye mfuko, nikaitundika kwenye nguzo ya jiko lako, nje, kwa mkono wangu mwenyewe. Uliitazama sahani, ukanitazama mimi.

"Hata hapa, Alimasi?"

Sikukujibu. Nilikula peke yangu, nimekupa mgongo. Asubuhi, ulipokwenda kuteka maji, nikashika njia. Sahani niliisahau kwenye nguzo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwamba nimeisahau.

Hukutuma neno tena. Nilidhani umekasirika, nikasema afadhali, hasira ya mama itamlinda mtoto. Miaka kumi ilipita hivyo. Wazazi wetu walikufa, nyumba yangu ikasogezwa pembeni zaidi mwa kijiji, na mtoto yule aliyekuwa tumboni siku ya moto akakua, akaoa, akahamia mgodini, wala hakuniaga. Siku moja muuza chumvi akasimama kuangalia vikapu vyangu. Nilimuuliza habari za Kabambare, kama nilivyowauliza wote. Akasema mengi, na katikati ya hayo akasema kwamba mke wa fundi wa matofali alifariki katika uzazi, na matanga yamekwisha kuondolewa zamani. Alisema huku akila karanga. Sikuwa nimemwambia kwamba wewe ni dada yangu.

Nilitandika mkeka mlangoni, nikakaa siku tatu kama desturi. Watu walipita, wakasimama njiani, wakasema "pole". Kwetu mfiwa anashikwa mkono. Siku tatu mkono wangu ulikaa juu ya goti, umefunguka, na jioni nikaurudisha ndani pamoja na mkeka. Nilikulilia, Yaya, na nililia kwa aibu. Wengine wanalilia mtu wao. Mimi nililia kwamba uliniuliza neno moja nikakunyima jibu.

Kiangazi hiki mzee mmoja mwenye mgongo uliopinda alifika kwangu kwa miguu kutoka Kasongo. Alikuwa amekuja na lori la pamba tangu Kabambare. Sikumtambua shemeji mpaka nilipoiona mikono yake. Nyuma yake alisimama msichana ameshika kifurushi. Niliwaambia wangoje hapohapo, niwasogezee mkeka mwingine, wa wageni. Msichana hakungoja. Alikuja mpaka kwenye mkeka wangu, akapiga magoti, akafungua kifurushi.

"Mujomba Alimasi, nimekuletea sahani yako."

Ilikuwa yenyewe. Weupe umebanduka kila mahali, buluu imebaki vipande vipande, na tundu liko palepale. Nilimuuliza aliitoa wapi. Akanishangaa.

"Si ndiyo tulikuwa tunakulia, sisi wote? Tulikuwa tunaigombania. Mama alisema, mwenye kukula mu hii sahani anakula na mujomba."

Shemeji alinieleza yaliyobaki. Siku ile uliporudi na maji ukakuta nimekwenda, uliitungua, ukaisuuza sawa na vyombo vingine, ukampakulia mtoto. Watoto wako wanne wamekulia humo. Hakuna aliyeanguka. Hakuna hata mmoja, Yaya. Miaka yote niliyokaa mbali ili nisiwaambukize, wao walikuwa wanagombania kula wali kwenye kitu kilekile nilichokuwa nakikimbia. Niliingia ndani nikajifanya natafuta maji ya kuwapa, nikalia nimeegemea ukuta, na najua walinisikia, kwa kuwa ukuta wangu ni wa matete.

Walikuwa na neno jingine. Feza anaolewa na fundi cherehani wa Kasongo, kijana mzuri, mpole. Lakini jamaa za kijana wananijua. Walikuwa wametuma neno kwamba mjomba wa kupuliza maji atafutwe mwingine, mzee yeyote wa ukoo, mtu safi. Shangazi wa Feza alikuwa amekwisha kukubali.

"Mama alisema ni mudomo yako," Feza akaniambia. "Kama si weye, siolewi."

"Ana kichwa nguvu sawa mama yake," shemeji akasema.

Nilikataa. Nilisema mimi ni mgonjwa. Nilisema sina shati. Nilisema watamrudisha kwao kwa ajili yangu, kama walivyokukataa wewe, na mtu hawezi kuharibu nyumba mbili katika maisha mamoja. Feza alikuwa amekaa ananisikiliza, viganja vyake vimelala mapajani, nami nilikuwa navitazama viganja vile. Mwisho nikasema neno nililokuwa naliogopa kweli.

"Na kama nikianguka mbele ya watu?"

"Basi tutakushika," akasema, kana kwamba nimemuuliza njia ya kwenda sokoni.

Bwana arusi alinishonea shati. Alinipima mwenyewe, mabega na shingo, kwa mikono yake, nami nilisimama nisijue pa kutazama, kwa kuwa ilikuwa miaka mingi hakuna mtu mzima aliyenishika nikiwa macho.

Siku ya arusi, kule Kasongo, saa nane mchana, waliniita. Uwanja ulikuwa umejaa. Nilitembea polepole, nikiitafuta puani harufu ile ya chuma kilicholowa, na kila hatua nikashukuru kwamba haijaja. Walinipa bakuli la maji. Nilichukua maji mdomoni, na kwa hofu nikayameza. Watu wachache wakacheka. Nikachukua tena. Feza alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ameinua uso, na uso ule ulikuwa wako, Yaya, wa siku ile uliyonifuata nyuma ya jiko. Nikapuliza.

Maji yalimpata kwenye paji la uso na machoni, yakashuka shingoni mpaka kifuani. Wanawake wawili wa upande wa bwana arusi walivuta watoto wao nyuma. Mama mkwe akatoa kitambaa cheupe, akamnyoshea ajifute. Feza alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Maji yakakaukia usoni pake.

Nisikudanganye, usije ukadhani Kasongo yote imegeuka. Sehemu ya jamaa za kijana waliondoka kabla wali haujaiva, na mmoja wao alipita karibu nami akatema mate chini. Shangazi hajasema nami mpaka leo. Na mimi nimerudi kwangu pembeni mwa kijiji, na bado naanguka. Juma lililopita nilianguka katikati ya kusuka, nikaamka peke yangu, matete yamenichoma shavuni. Hakuna aliyekuja. Wanaopita njiani wanasalimia kwa mbali kama zamani. Upweke ninao, nimeuzoea, na nisipoandika hivyo nitakuwa nakuandikia uongo.

Siku ile ya arusi, walipoanza kula, niliondoka nikaenda nyuma ya jiko. Ni mazoea tu, miguu ilinipeleka yenyewe. Nilisimama pale nikingoja. Nilikuwa namngoja mtu aje na uso uliolowa aninyoshee kidole. Nilingoja muda mrefu, Yaya, na kusikia kwamba umekufa hakukuniuma kama kusimama pale. Aliyekuja ni Feza. Alikuwa ameshika ile sahani, imejaa wali na samaki, akaketi chini mbele yangu na nguo zake za arusi, akachukua kichwa cha samaki. Sijui nani alimfundisha. Kwa kweli najua.

Amekwenda kwa mumewe na ungo wangu kichwani, wa mistari miwili. Jirani yake ameuliza umesukwa na nani, akaambiwa. Tutaona. Sahani ameniachia. Nimeikata ile kamba, na sasa inakaa ndani.

Nisamehe kwa asubuhi ile niliyoondoka. Nisamehe kwa mtoto niliyemsukuma. Yeye hakumbuki, nilimuuliza, akacheka. Wewe ulikumbuka. Uliniuliza neno moja, "Hata hapa?", nami nikakupa mgongo, nikaenda zangu na jibu lako. Nimelirudisha. Feza akifika hapa katika kusoma, naomba asimame kidogo, kisha alisome polepole.

Hapana, Yaya. Kwako, hapana. Kwako nilikuwa nyumbani.

Mdogo wako uliyemtoa motoni,
Alimasi